Mali ya Abdulla

Itandaze leso mpya kitandani, ile ambayo haijapita kwa fundi wa kupinda. Jicho litakwenda kwanza kwenye mji, pale katikati palipochorwa maembe, makorosho au mawimbi. Kisha litazunguka pindo zote nne, ndipo lishuke kwenye jina, yale maneno yaliyomfanya mwenyewe atoe pesa. Watu wengi huishia hapo. Ukisogeza uso karibu zaidi na ukingo wa kitambaa, utaona herufi nyingine ndogo ambazo hakuna anayezisoma: K.H.E., na maneno matatu mbele yake, Mali ya Abdulla.

Leso imelipiwa, imefungwa kifuani, imebebea mtoto, imefunika maiti kabla ya sanda kufika, na muda wote huo ukingo wake unasema ni ya Abdulla. Sijasikia mwanamke hata mmoja wa Mombasa aliyerudi dukani kulalamikia jambo hilo. Nadhani ni kwa sababu sisi sote tunajua, ingawa hatujaambiwa, kwamba mali inayotajwa pale si kitambaa.

K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Bara Hindi, aliyejulikana mjini kwa jina la Abdulla. Nyumba yake ya biashara huhesabu umri wake tangu mwaka 1887. Tuusimamie kidogo mwaka huo, kwa kuwa tarehe ikikaa mno kwenye nembo hugeuka pambo tu. Mwaka 1887 hakukuwa na reli wala gavana, na nchi yenyewe ilikuwa haijaitwa Kenya. Mombasa ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja. Mwezi Mei mwaka huohuo Sultani Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kukodisha ukanda wa pwani kwa Waingereza wa mfanyabiashara William Mackinnon, na mwaka uliofuata akafariki. Kuwekwa kwa reli hakukuanza ila 1896, na reli ikafika ziwani, pale Kisumu, mwishoni mwa 1901. Nchi kuitwa koloni la Kenya kulisubiri hadi 1920. Kwa hiyo duka hili la leso ni kongwe kuliko Kenya kwa zaidi ya miaka 30, na waliolianzisha waliweka akili zao kwenye bahari, si kwenye bara.

Bahari ndiyo iliyoleta nguo. Kabla ya leso, wanawake wa pwani walijifunga vitambaa vya aina mbili kubwa. Cha kwanza ni merikani, pamba nyeupe isiyosafishwa iliyotoka viwanda vya Massachusetts. Wamarekani waliwekeana mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said mwaka 1833, wakafungua ubalozi mdogo Unguja mwaka 1837, na merikani yao ikafika hadi Unyamwezi na Ujiji migongoni mwa wapagazi. Cha pili ni kaniki, kitambaa hichohicho kilichotiwa nili mpaka kikawa cheusi kwa ubluu wake. Vilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti.

Kisha Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1861 hadi 1865, pamba yao ikakosekana, na viwanda vya Bombay vikaingia mahali pao. Kitambaa kikawa cha Mhindi, jina likabaki la Mmarekani. Mpaka leo ukitaka nguo nyeupe nzito ya pamba unaomba merikani, na muuzaji hakuulizi Marekani ya wapi. Doti nayo ilihama: ilikuwa kipimo cha urefu, leo ni leso mbili zilizoshikana. Pwani hii ina tabia ya kuhifadhi majina na kubadilisha vitu vilivyo ndani yake, na mtu aliyefungua duka la nguo hapa alikuwa na mengi ya kujifunza kutokana na tabia hiyo.

Leso yenyewe ilizaliwa kwa mkato wa mkasi, ikiwa tutaamini masimulizi. Wareno walituachia neno lenço, kitambaa cha mkononi, na katika karne ya 19 vitambaa hivyo vya rangi viliingizwa madukani vikiwa vimechapwa mfululizo kwenye jora. Wanawake wakaona kununua kimoja kimoja ni ufukara wa fikra. Wakakata sita kwa pamoja, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga, wakapata nguo moja pana yenye mapambo ambayo jirani hana. Wafanyabiashara waliokuwa macho wakaagiza nguo nzima ikiwa imekwisha chapwa kwa mpangilio huo, bila kushona. Moja ya michoro ya mwanzo ilikuwa na madoa meupe kwenye uwanja mweusi, mithili ya ndege kanga, na Unguja ndege huyo akaipa nguo jina. Mombasa tuling'ang'ania leso. Tunaelewana.

Mahali ilipochapwa ni mbali mno na hapo palipobuniwa. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Uholanzi, hasa kile cha Helmond kilichoanzishwa mwaka 1846 na ambacho leo dunia inakijua kwa jina la Vlisco, vilikuwa vikichapa kanga kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki. Nyumba za biashara za Wajerumani kutoka Hamburg, kama O'Swald na Hansing, zilikuwa na ofisi Unguja. Manchester nayo haikukosekana. Mholanzi wa Helmond alichonga mchoro asioujua utavaliwa vipi, mwanamke wa Ng'ambo, Unguja, akauvaa bila kujua Helmond iko wapi, na katikati yao akakaa mwenye duka, mtu pekee aliyewajua wote wawili.

Kazi hiyo ya katikati inaonekana rahisi kwa asiyeifanya. Wanawake wa Unguja na Mombasa walibadilisha mitindo kwa kasi iliyowatesa waagizaji. Mchoro uliokuwa moto mwezi wa kuagizwa ungeweza kuwa umepoa meli inapotia nanga, na mzigo mzima ukalazimika kusukumwa bara kwa bei ya hasara. Halafu wanunuzi wenyewe walikuwa wanaongezeka. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Kaniki na merikani ndizo zilizokuwa nguo za mtumwa. Mwanamke aliyeachwa huru, akapata senti zake za kwanza kwa kibarua cha kuchambua karafuu au kuuza vitumbua, hakuhitaji kuambiwa anunue nini. Alinunua leso, tena ya rangi kali. Historia za biashara hupenda kusifu wenye maduka. Hii nisingeiandika bila kusema kwamba utajiri wa leso ulijengwa kwanza na wanawake waliokuwa na sababu yao kubwa ya kuchagua wavae nini.

Shida ya Abdulla ilikuwa ile ya kila muuza nguo: mwenzake wa duka la pili aliagiza kutoka viwanda vilevile, na kitambaa hakina mdomo wa kusema kimetoka kwa nani. Yeye akakipa mdomo. Kwanza alikitia alama: K.H.E., Mali ya Abdulla, ili mteja aliyeridhika ajue pa kurudi. Kisha, mapema katika karne ya 20, akaanza kuongeza msemo wa Kiswahili juu ya pindo la chini. Wengi wanaoeleza historia ya leso humpa yeye heshima ya kuueneza mtindo huo. Misemo ya mwanzo iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi zilizokuwa zimeandika Kiswahili kwa karne kadhaa kabla ya Mzungu wa kwanza kufungua shule. Msichana wa Mombasa aliyehitimu chuo cha Kurani alizisoma bila taabu. Baba yake aliyesoma misheni, pengine, ndiye aliyekwama. Polepole herufi za Kirumi zikachukua nafasi, na leso ikawa maandishi ya kwanza ya Kiswahili kuingia katika nyumba nyingi ambamo hakuna kitabu wala gazeti lililowahi kufika.

Hapo ndipo duka lilipopata mali yake. Mchoro huigwa, fundi mzuri anaweza kuunakili kwa wiki chache, na waigaji hawajawahi kukosekana katika biashara hii. Rangi hupauka. Neno, likiwa limepatikana vizuri, hushikamana na watu. Tena leso ilitatua tatizo la zamani la maisha ya uani: namna ya kumwambia mtu jambo bila kumwambia. Mke mwenza, wifi, jirani anayehesabu sufuria zako, rafiki aliyekwenda kusema. Hao wote hawasemwi usoni, maana adabu hairuhusu. Lakini mtu akipita mlangoni kwao akiwa amejifunga leso iliyoandikwa NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE SIOGOPI MTU KWA MANENO YAKE, nani atamshika? Yeye hajafungua kinywa. Akiulizwa atajibu kwamba ameipenda rangi.

Na si vijembe tu, ingawa vijembe ndivyo vinavyosimuliwa zaidi kwa kuwa vinachekesha. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI huvaliwa na mtu anayesubiri kitu ambacho hatakitaja. USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO ni onyo, na pia ni ushauri wa biashara ambao wengi wetu tungeufuata tungebaki na mitaji yetu. Mama hupewa leso ya kumshukuru, bibi harusi ya kumwombea, mfiwa ya kumpa pole. Sanduku la mwanamke mtu mzima, ukilifungua, ni kama shajara: hii alinipa fulani nilipojifungua, hii nilimnunulia marehemu hakuwahi kuivaa, hii usiulize.

Maneno hayo hayatoki kiwandani. Kiwanda kinachapa kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya agizo, herufi kwa herufi, na wachoraji wa ng'ambo wasiojua Kiswahili wametuachia herufi zilizogeuka na maneno yaliyokatika pasipostahili. Wanawake wakazivaa hivyohivyo. Msemo hutoka mtaani, kwenye methali, kwenye taarabu, kwenye ugomvi, kwenye mawaidha, na mara nyingine kwa mteja aliyeegemea kaunta akilalamika kuhusu mtu. Muuza leso asiyesikiliza hawezi kuuza leso. Kwa maoni yangu huu ndio ufundi hasa uliorithishwa katika nyumba hii: kujua ni lipi, kati ya maneno elfu yanayosemwa Mombasa wiki hii, ambalo mwanamke wa Kwale na wa Lamu, na wa Kisumu asiyejua Kimvita, atataka kulivaa mwaka ujao meli itakapofika. Unalichelewesha, limechuja. Unaliwahi, hakuna anayelielewa. Ukilifanya kali kupita kiasi, mume anakataa kulinunua, na waume hununua leso nyingi kuliko wanavyokiri.

Kibiashara, tena, msemo ulileta hesabu nzuri. Mchoro mmoja ulio ghali kuuandaa uliweza kuchapwa kwa rangi tofauti, na jina likabadilishwa huku mji na pindo zikibaki vilevile. Leso moja ikawa leso kadhaa. Mteja aliyekwisha kuwa na mchoro huo akapata sababu ya kununua tena.

Kuanzia hapo historia ya viwanda ni ya kuhamahama, na naipita upesi. Baada ya Vita vya Kwanza Wajapani waliingia sokoni kwa bei ambayo Manchester haikuiweza, na katika miaka ya 1930 pamba yao ilikuwa imetanda Afrika Mashariki yote. Vita vya Pili vikafunga bahari. Nguo ikawa adimu, ikauzwa kwa mgao. Amani iliporudi Wajapani walirudi nayo, na kanga za Nishizawa bado zinatajwa na mabibi kwa sauti ile wanayoitumia kuwataja watu waliokufa wakiwa wema: zilikuwa laini, hazikuchuja. Uhuru ukaleta viwanda vyetu. Tanzania ilifungua Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China, kukawa pia na Mwatex na Mutex. Kenya ikawa na Kicomi ya Kisumu, Mountex ya Nanyuki, Rivatex ya Eldoret na Thika Cloth Mills. Kwa kipindi hicho serikali zilibana nguo za nje, na leso ikawa ya nyumbani kuanzia shambani hadi dukani. Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa, mitumba ikaingia, viwanda vingi vikafa au vikazimia. Leo sehemu kubwa ya leso huchapwa India, katika miji kama Jetpur ya Gujarat, na China.

Anayetazama orodha hiyo ataona makaburi mengi: viwanda vya mabara matatu vilivyokuwa vikubwa mara mia kuliko duka lolote la Mombasa. Duka lililoagiza kwavyo lipo. Sitaki kuifanya habari hii iwe tamu kuliko ilivyo. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Kenya na Tanzania walipoteza kazi, wakulima wa pamba wakang'oa mimea yao, na mwagizaji aliyehamishia oda zake Asia alikuwa miongoni mwa waliofaidika na bei mpya. Lakini nembo ya K.H.E. haikuwa nembo ya mashine, ilikuwa ya chaguo, na chaguo linasafiri. Kitambaa kilipotoka Ulaya kiliandikwa Mali ya Abdulla. Leo kikitoka Asia kinaandikwa Mali ya Abdulla. Ni ile hadithi ya merikani, safari hii mtu aliipangilia.

Kuhusu vizazi, familia nyingi za biashara za pwani zina hadithi moja: babu alianza, baba akapanua, wajukuu wakaenda London au Toronto kusomea uhasibu na duka likageuzwa benki. Tembea mitaa ya Mombasa uhesabu vibao vya majina yaliyofutika. Hii ya Kaderdina ilibaki mikononi mwa familia, mwana akapokea kwa baba na mjukuu akapokea kwa mwana, na kila aliyepokea alikuta ameachiwa pia jina ambalo si lake. Hakuna aliyelifuta la Abdulla ili aandike lake. Kwa mfanyabiashara hiyo ni busara. Kwa mtu mwenye majivuno ya kawaida ya ujana, nadhani lilikuwa jambo gumu. Ukingo wa leso ni mfupi na hauna nafasi ya majina mawili.

Warithi walirithi pia michoro, nayo ni urithi wa ajabu kwa kuwa mingine haiwezi kufa hata mtu akitaka. Chukua kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, mchoro wa tangu leso zikichapwa kwa muhuri wa mbao. Kila kizazi cha mabinti hukiita cha kizee, na kila kizazi cha mabinti hukivaa siku ya harusi yake. Anayeuza leso lazima awe na michoro mipya ya kumvuta msichana na kisutu cha kumtuliza mama yake, kwenye rafu moja.

Biashara Street ya leo, mtaa wa maduka ya leso mjini Mombasa, si pana. Magari hupita kwa kuombana radhi, mikokoteni haiombi. Pande zote mbili leso zimetundikwa milangoni, nyingine zimekunjwa mraba na kupangwa mpaka dari, jina likiwa kwa nje ili lisomeke. Wanaotoka bara hununua kwa korija, ishirini ishirini, wafunge kwenye magunia, wapande basi la usiku. Wa mjini hununua doti moja, na huyo ndiye anayechukua muda. Ramadhani ikikaribia pa kukanyaga hapapatikani. Msimu wa harusi vilevile. Nje, kandokando ya njia, wamekaa wanaume na cherehani zao. Kazi yao ni kuikata doti katikati, zipatikane leso mbili, kisha kupinda ncha zilizokatwa. Dakika chache tu. Mpaka hapo doti ilikuwa kitu kimoja; sasa mtu anaweza kubaki na moja na kumpa mwenziwe ya pili, na wote wawili wakawa wanasema neno lilelile katika nyumba mbili.

Fundi hupinda ncha mbili tu, zile fupi, kwa sababu kingo ndefu hazifumuki. Ukingo wenye herufi za K.H.E. hauguswi.

Nilisimama pale asubuhi moja nyuma ya mama wa makamo aliyekuja kununua leso ya kumpelekea shemeji yake. Kijana wa dukani alimwonyesha za bluu, akazikataa. Za manjano akazishika, akazipima uzito kwa kidole gumba na cha shahada kama mtu anayepima unga, akazirudisha. Ya sita au ya saba ilikuwa ya zambarau yenye pindo jeusi, na hiyo hakuigusa kabisa. Aliitazama kwa mbali kidogo, kichwa kimeinama, miwani ameiacha nyumbani.

"Hii yasemaje?" akauliza.

Kijana akaigeuza kwenye mwanga na kumsomea, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya mwenyewe. Mama akacheka peke yake kwa muda. Halafu akauliza bei.